Upande wa Kulia wa Kichwa cha Hanar

2 Julai

Leo nimepigwa kibao kwa sababu ya kichwa cha mwanangu, na kwa kuwa humu ndani hakuna wa kumwambia, naliambia daftari. Ni daftari langu la jiografia la darasa la tisa, mwaka walionitoa shule. Nusu yake bado ni nyeupe.

Asubuhi nilimpeleka Hanar chanjo. Ana wiki kumi na moja. Nesi Awaz alimvua kofia, akamzungushia kiganja kichwani. Kisha akaniambia nisimame nyuma yake nitazame kutokea juu, kama anavyotazama yeye. Nikaona. Nyuma, upande wa kulia, kichwa kimebonyea, bapa kabisa, na sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Kila siku namuogesha mtoto huyu na sikuwahi kuona.

"Analala wapi?"

"Kwenye landiki."

"Saa ngapi kwa siku?"

Niliona haya kusema. Landiki yetu, kitanda cha mtoto mchanga, ni ya mbao, ina miguu ya kuyumba. Mtoto hulazwa chali, mikono imenyooshwa ubavuni, akafungwa kwa mikanda miwili ya kitambaa, kifuani na magotini, mpaka asiweze kusogeza kitu ila shingo. Msimu wa tumbaku sisi wanawake tuko shambani tangu alfajiri kuchuma, na tukirudi tunakaa chini kutunga majani kwenye uzi mpaka jioni. Hanar anafunguliwa kunyonya na kubadilishwa, basi.

"Kichwa chake bado laini," Awaz alisema. "Kinashika umbo la pale kinapolalia. Kulala aendelee kulala chali, hapo usibadilishe kitu. Ila akiwa macho, mtoe humo. Mlaze kwa tumbo mbele yako, umtazame, dakika chache chache, mara nyingi kwa siku. Mbebe. Anapenda kuangalia wapi?"

"Mlangoni. Kwenye mwanga."

"Basi kigeuze kitanda, mlango uwe upande wake wa pili. Miezi hii ndiyo ya kuwahi, Nazdar. Baadaye mfupa unakaza."

Nilirudi nikamweleza mama mkwe, Mama Gule. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Kichwa bapa ndicho cha mtoto aliyelelewa," alisema. "Cha mviringo ni cha mtoto aliyetupwa chini kama wa mbwa. Rezgar amelala humu. Shewket amelala humu."

"Ndiyo maana," nikasema.

Kibao kilikuja na unga wake. Rezgar ni mume wangu, Shewket ni shemeji yangu, na mimi mdomo wangu haujui kunyamaza.

3 Julai

Nimegeuza landiki, mlango ukawa kushoto kwa Hanar. Niliporudi kutoka shambani nilikuta imegeuzwa.

4 Julai

Nimegeuza. Amegeuza.

5 Julai

Nimegeuza. Amegeuza, na chini ya miguu ametia mawe isisogee. Mwanamke wa miaka sitini anabeba mawe kwa ajili ya kunikomoa.

9 Julai

Wakati wa kutunga majani nilitandika blanketi pembeni yangu kivulini, nikamlaza Hanar kwa tumbo. Alilia na pua yake ikiwa chini. Nikalala chini mimi pia, uso kwa uso, nikamwimbia. Akainua kichwa. Kwa muda wa kuhesabu mpaka nne hivi alinitazama, kichwa kikitikisika, kisha kikaanguka. Nilifurahi mpaka nikajichoma sindano. Sindano ya tumbaku ni chuma kirefu kama mkono, lazima uitazame.

Mama Gule alikuja akamwinua. "Unataka kumkaba? Wallahi, mwanamke huyu anataka kumuua mjukuu wangu mchana kweupe!" Alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Akaenda kumfunga.

14 Julai

Nimekata mikanda. Nilirudi nikamkuta Hanar amelia mpaka sauti imekauka, shingo imegeukia mlangoni, kulia, kulia tena, na jua limemfikia usoni. Hajui kugeuka. Hawezi kugeuka. Hasira zikanipanda. Nilikuwa na kisu cha kukatia mashina, nikakipitisha kwenye mikanda yote miwili.

Jioni Mama Gule alimwonyesha Rezgar vipande. Ilikuwa mikanda aliyoifuma mwenyewe alipokuwa na mimba ya Rezgar. Rezgar hakuuliza kitu. Alinipiga kwa mkanda wa suruali mpaka mkono wake ukachoka, akapumzika, akaniuliza kama nitarudia, nikasema nitarudia, akaendelea. Shewket alikuwa mlangoni anakula tikiti. Alisema, "Usimpige usoni, kaka, kesho anachuma, watu watamwona." Nakumbuka aliivuta mbegu ya tikiti mdomoni akaitupa uani.

Sitamsamehe Mama Gule. Mwanamume anapiga kwa sababu ana mkono. Yeye alikaa anatazama na alikuwa anashona mikanda mipya.

16 Julai

Mikanda mipya ina kitambaa mara mbili. Mafundo anayafunga chini ya mbao.

22 Julai

Joto. Mfereji wa kumwagilia tumbaku una maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu. Zamu ya maji ni yetu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kisha ya nyumba ya Haji Temer, majirani wa shamba la juu. Shewket anasema wanatuibia. Nimesikia nao wanasema sisi ndio wezi.

25 Julai

Kwa wiki nzima nimekuwa nikimbeba Hanar mgongoni kwenda kuchuma. Mama Gule anasema nitamvunja uti. Nikishamrudisha anamfunga. Nikigeuza anageuza. Hatusemezani tena, tunasukumana landiki tu.

29 Julai

Shewket ameua mtu.

Nilikuwa safu ya tatu toka mferejini, Hanar mgongoni. Ilikuwa kabla ya adhuhuri kidogo, zamu bado yetu. Nebez, mwana wa Haji Temer, alishuka akaanza kutoa udongo kwenye kizuizi ili maji yaende kwao. Kijana wa miaka ishirini na mbili, alioa majira ya kuchipua, nilicheza harusini kwake. Shewket akamwambia, "Ondoa mkono." Nebez akacheka: "Saa yako imesimama, shemeji. Kanunue nyingine." Alimwita shemeji kwa utani tu, hakuna udugu kati yetu. Shewket alikuwa na beleshi. Alimpiga nalo begani kwa upande wa bapa, Nebez akaanguka magotini majini, akasema "We mwendawazimu," akataka kuinuka. Hapo Shewket akaligeuza beleshi, makali mbele, akampiga usoni. Akampiga tena. Mara ya tatu Nebez alikuwa hasogei na maji yalikuwa yanampitia juu.

Nilisimama. Sikupiga kelele. Nilinyoosha mkono nyuma nikamfunika Hanar macho, mtoto wa miezi mitatu, kana kwamba angejua anachoona.

Shewket aliosha beleshi. Kweli aliliosha! Kisha akalitupa, akakimbilia mlimani, na tangu hapo hatujamwona. Nasikia amekimbilia kwa wajomba zake, ng'ambo ya pili ya mlima. Mama yake Nebez, Perikhan, alishuka akipiga mayowe ambayo mpaka sasa yamo masikioni mwangu. Yeye ndiye aliyemtoa majini.

30 Julai

Wamemzika. Hatukuthubutu kwenda. Milango imefungwa.

1 Agosti

Tumbaku haingoji. Tunachuma, wanaume wamesimama na bunduki pembeni.

6 Agosti

Lazima niandike.

Baada ya alasiri tulikuwa barazani tunatunga majani. Hanar alikuwa amefungwa kwenye landiki karibu na ukingo wa baraza; Mama Gule alimweka hapo apate upepo. Risasi ya kwanza ilimpata mbwa. Nilidhani ni ubao umeanguka. Ya pili ilipiga ukuta, na hapo nikaona vumbi linatoka kwenye kilima kilicho mbele yetu, wamelala nyuma ya mawe watu wawili watatu wa Haji Temer.

Nilirukia landiki. Nilitaka kumtoa. Mikono yangu ilikuwa na utomvu wa tumbaku, ule mweusi unaonata, na mafundo yalikuwa chini ya mbao, mafundo mawili mawili, na mikanda ya kukaza. Kisu nilikiacha kwenye rundo la majani. Nilikuwa navuta na hakifunguki kitu. Hanar alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa. Niliuma mkanda kwa meno. Risasi ikavunja mti wa juu wa landiki, ule wa kushikia, kiganja kimoja toka kichwani kwake, vibanzi vikamwangukia usoni ndipo akaanza kulia. Na hakuweza hata kugeuza bega.

Mama Gule alinisukuma kwa miguu yote miwili nikaangukia ndani ya mlango. Akajilaza juu ya landiki, mzima mzima, mwili wake mnene wote, akashika mbao pande zote mbili. Alikuwa anasema, "Nipigeni mimi, wana haramu, nipigeni mimi, mimi ndiye niliyemzaa Shewket." Wakampiga. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Hakusogea.

Rezgar na binamu zake walijibu risasi toka darini, kisha kukawa kimya. Tulipomwinua Mama Gule, Hanar alikuwa mwekundu usoni na nikadhani amekufa. Ilikuwa damu ya bibi yake. Alikuwa mzima, ananyonya ulimi. Nilikata mikanda kwa kisu na safari hii hakuna aliyesema neno.

11 Agosti

Mama Gule amerudishwa toka hospitali ya mjini, mkono una plasta mpaka begani. Nilimvua viatu. Alitazama landiki, akatazama mkono wake.

"Sasa nani atamfunga?"

"Hakuna," nikasema.

Alifumba macho.

13 Agosti

Kwa kuwa hawezi kutunga majani, Mama Gule amelala barazani mchana kutwa. Leo nilimkuta amemweka Hanar kifuani pake, tumbo kwa tumbo, mkono mmoja mgongoni kwake. Hanar ameinua kichwa anamtazama kidevu.

"Hajakabika," nilimwambia.

"Nyamaza. Anasikiliza moyo wangu." Kisha: "Huyu nesi wako alisema dakika ngapi?"

16 Agosti

Awaz amekuja kukagua plasta ya Mama Gule. Amempima Hanar kichwa. "Kinarudi," amesema. "Ona, sikio linarudi nyuma. Siku kumi tu nje ya mikanda na shingo imeshapata nguvu. Endeleeni hivi hivi." Mama Gule alijifanya amelala lakini niliona amesikia.

17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wazee wamekutana. Wamepatana. Rezgar ameingia mchana akiwa mchangamfu, sijamwona hivyo tangu msimu uanze, akaomba chai.

"Yamekwisha," akasema. "Wanakubali suluhu. Shewket atarudi nyumbani, hakuna atakayemgusa. Tunalipa fidia, na tunampa Hanar."

"Tunampa Hanar nini?"

"Tunawapa Hanar. Kwa mdogo wake Nebez, awe mkewe akifika umri. Sasa ni jina tu, wataweka jina."

Nilikuwa natunga majani. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka sindano ilikuwa imepita kwenye kiganja chake na ncha imetokea upande wa pili ikiwa na jani juu yake, na yeye anaitazama kama mtu asiyeelewa. Kisha akaelewa. Alinipiga kwa mkono ule mwingine. Nimepoteza jino la mbele na siwezi kufumbua jicho moja. Alinipiga mateke nilipokuwa chini, alikuwa analia, nasema kweli, Rezgar alikuwa analia huku akinipiga, anasema, "Unataka wanimalize na mimi? Unataka tuzikwe wote? Mtoto mmoja! Wa kike!"

Nikiwa chini nilisema maneno ambayo hata daftari sitaliandikia.

Awaz anasema serikali imepiga marufuku mambo haya. Serikali iko mjini. Baba yangu nilipotaka kurudi mwaka jana alisema atanirudisha mwenyewe kwa kamba.

19 Agosti

Mama Gule aliniita nimkune bega chini ya plasta. Nilipokuwa namkuna alisema bila kunitazama:

"Mimi nilikuja humu nikiwa na miaka tisa. Nilitolewa fidia ya damu ya mjomba wa mume wangu. Walinikagua kwanza. Wanawake watatu. Walinifungua mdomo, wakanihesabu meno, wakanivua nguo waone kama nina kovu. Nilikuwa nimebeba kikaragosi cha kitambaa. Wakakitupa."

Niliacha kukuna.

"Hata huyu watakuja kumkagua," akasema. "Arobaini ikiisha. Atakuja mama wa marehemu. Mwenye kilema hawamchukui, wataona wamedharauliwa."

"Hanar hana kilema, mama."

Ndipo akanitazama. "Alikuwa nacho."

20 Agosti

Sikulala, nimeandika mistari minne nikaifuta. Nesi alisema miezi hii. Nesi alisema mfupa unakaza. Nimepigwa kibao na mkanda, nimegombana na kila mtu nyumba hii ili kile kichwa kiwe cha mviringo.

21 Agosti

Nimeitoa landiki ghalani. Nimeufunga mti uliovunjika kwa uzi wa tumbaku. Nimeiweka mlango ukiwa kulia kwake.

Mama Gule ana mkono mmoja, kwa hiyo mafundo nimefunga mimi. Hanar alidhani ni mchezo. Nilipomaliza mkanda wa magoti alicheka.

22 Agosti

Nimemfunga. Kulia.

23 Agosti

Kulia.

24 Agosti

Kulia. Amelia tangu tulipotoka hadi tuliporudi. Mama Gule alikaa naye akatia pamba masikioni mwake mwenyewe, halafu akaitoa.

27 Agosti

Amegundua kwamba shingo sasa ina nguvu, anageuka kushoto. Nimeweka mto mgumu upande wa kushoto. Mimi ndiye niliyeuweka. Naandika hapa ili siku moja nisije nikasema ni mwingine.

31 Agosti

Kichwa kimeanza kurudi kule. Nimekipapasa. Ni rahisi zaidi kukiharibu kuliko kukitengeneza.

5 Septemba

Awaz amekuja. Amemvua Hanar kofia. Alinitazama kwa muda mrefu, uso wangu wenye mabaka ya manjano, kisha landiki, kisha mto.

"Nilidhani wewe unaelewa," akasema.

Nilitamani kumwambia. Akiwaambia wengine tumekwisha. Aliondoka bila kunywa chai.

9 Septemba

Wamekuja.

Haji Temer na wazee waliingia chumba cha mbele na Rezgar na binamu zake, bunduki zimeegemezwa ukutani kila upande kwake. Wanawake walikuja chumba cha ndani: Perikhan, mama wa marehemu, na dada yake. Sikuwa nimemwona Perikhan tangu siku ile ya mferejini. Amekonda, mikono imebaki mikubwa. Hakutusalimia. Nilileta chai, hakuigusa.

"Nionyesheni."

Hanar alikuwa kwenye landiki, amefungwa. Nilifungua mkanda wa juu nikamvua kofia. Dada yake Perikhan ndiye aliyeinama kwanza. Alimshika kidevu, akamgeuza, akapapasa nyuma.

"Huyu ameharibika," akasema. "Kichwa kimekwenda upande. Ona sikio. Dada, hawa wametuua mtu, sasa wanatupa kilema!"

Nilimwona Mama Gule anainamisha uso ili furaha yake isionekane. Nikasema kimoyomoyo, tukaneni, tutemeeni mate, halafu nendeni.

Perikhan alimsogeza dada yake pembeni. Akatia kiganja chini ya kichwa cha Hanar, pale palipobonyea. Akakiacha hapo. Alikaa hivyo mpaka dada yake akamwita jina, naye hakusikia.

"Nebez alikuwa hivi hivi," akasema. "Kulia, hivi hivi. Landiki yetu nayo mlango ulikuwa kulia. Kiganja changu kinaingia palepale." Alikuwa anaongea na Hanar, si na sisi. "Siku ile nilipomtoa majini nilimshika hapa. Hapa tu ndipo palipobaki. Mbele hapakuwa na kitu cha kushika."

Kisha akainuka. "Ni huyu. Namtaka huyu. Waambieni wanaume."

Wiki tatu! Nilikuwa nimemfunga mwanangu wiki tatu, nimemwekea mto, nimemsikiliza akilia, na kumbe nilikuwa namtengenezea Perikhan kichwa cha mwanawe. Bonde zima hili tumelala humo, vichwa vyetu vyote ni vya landiki, na sisi wawili wajinga tulidhani yeye atakiona kilema.

Nilishika sketi yake. Nilisema yote. "Ni mimi niliyemfanya hivi. Kilikuwa kinapona. Nimembonyeza makusudi ili mmkatae. Kilikuwa kimeanza kuwa cha mviringo, muulizeni nesi, nilimfunga mimi kwa mikono yangu."

"Umemharibu kichwa mwanao ili nisimpate?"

"Ndiyo."

Alinipiga kofi. Lilikuwa kubwa kuliko la Mama Gule, nililisikia mpaka kwenye pengo la jino. Hanar akaanza kulia. Perikhan alimtazama akilia huku amefungwa, mdomo tu ndio unaosogea.

"Nani amelala humu?" akauliza.

Nilimtazama Mama Gule.

"Gule. Nakuuliza wewe. Nani amelala humu?"

"Wanangu wote," Mama Gule akasema.

"Na yeye?"

"Na Shewket."

"Mfungueni huyu mtoto."

Nilifungua mafundo. Nikamtoa. Perikhan akaishika landiki kwa mti wake uliofungwa uzi, akaiburuta kupitia chumba cha wanaume, mbele ya Haji Temer, mbele ya bunduki, hadi uani. Shoka letu huwa kwenye gogo la kuni. Alilichukua. Wanaume walisimama wote kwa pamoja, Rezgar alishika bunduki, na kama angepiga hatua moja zaidi sijui leo tungekuwa wangapi. Lakini Perikhan hakumwendea mtu. Aliipiga landiki. Aliipiga kwa makali, pale kichwani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilihesabu kwa sababu niliwahi kuhesabu hivyo mferejini. Hakuishia tatu. Aliipasua mpaka vibanzi vikaruka ukutani, akikoroma kama mtu anayebeba mzigo, kilemba kimemwanguka, nywele nyeupe zimefunua kisogo, nacho ni bapa.

Kisha akatupa shoka.

"Haji," akamwambia mumewe. "Sitaki mtoto wa mtu. Kila asubuhi nitie mkono pale? Sitaki. Nimezaa mimi, bei nataja mimi. Yule asikanyage bonde hili nikiwa hai. Na mama yake asimwone, kama mimi nisivyomwona wangu. Akikubali, damu imekwisha. Asipokubali, tuendelee kuuana."

"Haya si maneno ya wanawake," mzee mmoja akasema.

"Ioshe wewe basi maiti ijayo," Perikhan akamjibu, na yule mzee akakaa.

Wote walimtazama Mama Gule. Alikuwa mlangoni, plasta imeegemea mwimo. Shewket ni kitinda mimba wake. Kila siku tangu aondoke amekuwa akimtunzia mkate wa kwanza kutoka tanurini, mpaka unakauka, halafu anawapa kuku.

"Mama, usiseme kitu," Rezgar akasema.

"Nyamaza." Akameza mate. "Nimekubali. Sitamwona."

Haji Temer akanyoosha mkono kuchukua glasi ya chai. Akanywa. Wote tuliitazama ile glasi mpaka ikawa tupu.

10 Septemba

Rezgar hanisemeshi. Kiganja chake kimetunga usaha. Ninamfunga kitambaa, ananitazama mikono tu.

12 Septemba

Shewket ametuma salamu kwamba anarudi kwa vyovyote, haogopi mwanamke. Mama Gule amemrudishia mjumbe: "Mwambie akija, wa kwanza kumpiga risasi ni mimi, na mkono mmoja unanitosha." Baada ya mjumbe kuondoka aliingia ghalani. Nilimsikia. Sikumfuata.

20 Septemba

Nilikwenda zahanati nikamweleza Awaz kila kitu. Alilia, akanikaripia, akampima Hanar kichwa. Ana miezi mitano, amesema, hatujachelewa sana. Pengine kitarudi chote, pengine kitabaki kidogo ambacho nywele zitaficha.

4 Oktoba

Majani ya mwisho yametungwa. Asubuhi Mama Gule aliwasha tanuru kwa vipande vya landiki, vilivyobaki vyote, na mkate wa kwanza safari hii hakuuweka kando. Aliukata katikati akanipa nusu. Tulikula kwa kusimama. Mkate ulikuwa na majivu kidogo.

Hanar sasa analala kwenye godoro chini, chali, na kila nikimlaza nabadilisha mwanga uwe upande mwingine. Nikisahau, Mama Gule ananikumbusha kwa matusi.

Ile sehemu bapa iko bado. Nusu ilikuwa ya bibi yake na ilikuwa inapona. Hii iliyopo ni yangu. Kila ninapomuogesha naipapasa, na ninamwomba msamaha kwa sauti, na yeye anapiga maji mateke.

Leo nimemlaza kwa tumbo dakika kumi, Mama Gule akihesabu. Saba za kwanza amelia. Tatu zilizobaki aliinua kichwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kushoto, kulia, kisha kushoto tena.